KAA ANAOTA GANDO UPYA, WEWE UNASEMA NI KUFURU?



Ndugu yangu, juzi baada ya swala ya Isha hapa Mbwera nilimsikia mwenzetu akisema watu wa maabara wanaochunguza namna mwili unavyoota upya "wanashindana na Allah". Subhanallah! Wewe umevua kaa kwenye mikoko tangu utoto. Umemwona aliyekatika gando akijivua gamba, gando jingine likaota. Nani aliyemwotesha?

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, pamoja na Profesa Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliandika kuhusu panya wa miiba wa Kenya. Ngozi yake huchanika kirahisi akikamatwa, kisha hurudi na manyoya yake. Akitobolewa sikio, tundu huziba na gegedu hurudi. Watafiti hawakuumba kitu. Wanainamia darubini wakiuliza: huyu amewekewa nini?

Tiba kwa binadamu bado haijafika. Lakini mfikirie mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto, kovu likamkunja mkono. Dhulma ni kumuuzia mama yake mafuta ya uongo kwa jina la dini. Hilo hulikemei, kwa kuwa muuzaji amevaa kanzu!

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila ugonjwa una dawa yake. Dawa haitafutwi kwa kulaumu barazani. Mpeleke mwanao akasome baiolojia, wa kike na wa kiume.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.