Mnyororo Huanzia Dirishani



Ukitajwa mnyororo wa ugavi, wengi wetu huwaza malori, maghala na makontena ya bandarini. Toleo hili linatetea hoja moja: taarifa hutangulia mzigo, na taarifa ikiwa mbovu, hata lori jipya litapeleka kisichohitajika.

Tuchukue dawa za zahanati za Tanzania. Katika miaka ya 1980 zilifika kwenye makasha yaliyofungwa tayari, yenye mchanganyiko ule ule kwa kila zahanati. Kwa vituo vya vijijini ulikuwa msaada mkubwa, nasi hatuubezi. Ila kasha halikujua kwamba Muheza, bondeni, kuna malaria zaidi kuliko milimani Lushoto. Huku dawa zingeweza kurundikana hadi muda wake kwisha, kule zikakosekana. Baadaye vituo vikaanza kuagiza kulingana na matumizi yake kutoka Bohari ya Dawa (MSD), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Uamuzi ukahamia kwa anayemwona mgonjwa.

Tangu hapo kila kitu kinategemea leja ya dawa. Tuseme zahanati hutumia dozi 300 za dawa mseto ya malaria kwa mwezi, na agizo huchukua miezi miwili kufika. Inapaswa kuagiza zikiwa bado 900: 600 za kipindi cha kusubiri na 300 za tahadhari. Ikingoja zibaki 200, imechelewa. Masika yakikaribia, hata 900 hazitoshi, maana mvua huleta mbu na kukata barabara kwa wakati mmoja.

Hesabu hiyo ni nyepesi. Iko nyingine inayotuumiza zaidi. Dawa ikikosekana siku 15 katika mwezi wa siku 30, leja itaonyesha zimetumika dozi 150 tu. Anayeagiza kwa kutazama jumla hiyo ataomba nusu ya mahitaji, na upungufu wa mwezi huu utazaa wa mwezi ujao. Angegawa 150 kwa siku 15 ambazo dawa ilikuwapo, angepata dozi 10 kwa siku, yaani 300 zile zile. Wilayani nako watasoma fomu ya agizo na kuamini kwamba malaria imepungua, ilhali mama aliyerudishwa na mtoto mwenye homa hakuandikwa popote.

Katika zahanati nyingi leja hiyo hujazwa na muuguzi yule yule anayezalisha, anayechanja na anayefunga vidonda, mara nyingi usiku, amechoka. Kumlaumu yeye ni uonevu. Kabla halmashauri hazijanunua mfumo mwingine wa kompyuta, tunaziomba zipeleke kwenye dirisha la dawa mtu aliyefunzwa kazi hiyo, na wafamasia wa wilaya wadai siku ambazo dawa haikuwapo ziandikwe katika kila agizo.