Wazee Waliopatwa na Kiharusi Wasimamishwe Tena

Katika mji mdogo wa Malampaka, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, mahali ambapo reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ingali inapita na ambapo riziki za watu wengi zimefungamana na pamba, dengu, choroko na ng'ombe, mzee akipatwa na kiharusi jamaa zake aghalabu hutenda yote wayawezayo ili afike kwa daktari: huuzwa mbuzi au ndama, hukodiwa gari, na ikilazimu mgonjwa hupelekwa hata hospitali ya Bugando, Mwanza. Jitihada hizo zastahili kila sifa. Lakini siku mzee anaporejeshwa nyumbani akiwa hai, mdomo umepinda, mkono umelegea na mguu hauna nguvu, watu humshukuru Mwenyezi Mungu, humtandikia kitanda pazuri, na matibabu huhesabiwa kuwa yamekwisha. Nami nasema kwa yakini kwamba sehemu kubwa ya matibabu yake ilipasa kuanza hapo, na kwamba hatuna budi kuidai kama tunavyodai dawa.

Yafaa kufahamu kwanza ni kitu gani kilichoharibika. Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu ubongoni unapoziba au kupasuka, na mara nyingi chanzo chake ni shinikizo la juu la damu, ile iitwayo presha, iliyokaa mwilini miaka mingi bila kutambuliwa. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo huuamuru upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huuamuru wa kushoto, mkono na mguu wa upande mmoja hubaki bila amri, ingawa nyama na mifupa yake haikupata dhara lolote. Kilichokufa hakifufuki. Hata hivyo sehemu ya ubongo iliyosalia, hata katika kichwa cha mtu wa miaka sabini, ina uwezo wa kujifunza baadhi ya kazi za ile iliyopotea, kwa sharti kwamba mgonjwa mwenyewe ajaribu kuitenda kazi ile ile anayotaka kuiweza tena, mara nyingi, siku baada ya siku. Ndiyo maana kuchuliwa mafuta, jambo ambalo wazee wetu hufanyiwa kwa mapenzi makubwa, huuburudisha mwili lakini hakumfundishi mtu kutembea. Na kukandwa kwa maji ya moto ni hatari dhahiri, kwani ngozi iliyopoteza hisia huungua na mwenyewe asijue.

Tazama kazi ya mtaalamu wa tiba ya viungo katika jambo linaloonekana dogo, yaani kuinuka kitini. Humketisha mzee juu ya kiti imara kisicho cha chini mno, nyayo zote mbili zikigusa ardhi na visigino vikirudi nyuma kidogo ya magoti. Kisha yeye mwenyewe hupiga goti mbele yake, upande ule ulio dhaifu, kiganja chake kikilizuia goti la mgonjwa lisikunjike ghafla. "Shikamoo babu. Inama mbele, kifua kipite magoti, kisha usukume kwa miguu yote miwili." Mara ya kwanza mzee huutegemea mguu mzima peke yake, mwili ukalalia upande mmoja, na mtaalamu humketisha aanze upya, kwa kuwa mguu dhaifu usipotwikwa uzito hautajifunza kuubeba. Huinuka tena, na tena, akapumzika, akanywa maji, akarudia. Akizoea, hupewa kiti cha chini zaidi, au hutakiwa ainuke bila kujishika. Awezaye kuinuka hivyo yu karibu kwenda msalani kwa miguu yake bila kubebwa na mkwewe au mjukuu wake, na sidhani kama iko heshima ambayo mzee wa umri huo huithamini kuliko hiyo.

Mkono huchelewa kupona kuliko mguu, na kwa sababu hiyo wengi huukatia tamaa mapema. Mwanasayansi wa Marekani aitwaye Edward Taub ndiye aliyeanzisha njia ya kuufunga mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Na katika utafiti uliotangazwa mwaka 2006, watu 222 waliokuwa wamepata kiharusi miezi mitatu hadi tisa nyuma, ambao mkono wao ulikuwa na uhai kidogo, walihusishwa katika kuijaribu njia hiyo, na wale waliofanyizwa mazoezi hayo kwa majuma mawili walizidi wenzao hata baada ya mwaka mzima kupita. Malampaka haikosi zana za kazi ya namna hii. Bibi awezaye kusogeza vidole hata kidogo, akiwekewa ungo wa dengu mapajani na kuombwa aokote punje moja moja kwa mkono ule ule ulioathirika, anafanya tiba kamili, na tena yenye maana kwake, kwa kuwa ni kazi aliyoizoea tangu utotoni.

Kuna ukarimu unaodhuru, nao ndio ulio mzito kuusema, kwa sababu hutoka katika nyoyo njema. Mzee hulishwa ilhali mkono wake mmoja ni mzima, huvishwa nguo ilhali angeweza kuanza mwenyewe, hunyamazishwa kila anapotaka kuinuka asije akachoka. Hunyanyuliwa kwa kuvutwa mkono uliolegea, na bega, ambalo misuli yake haina tena nguvu ya kulishikilia, huchomoka kidogo mahali pake, likaanza maumivu ya miezi mingi. Huachwa amelala upande mmoja kutwa nzima, ngozi ikachubuka na kuwa kidonda. Vidole vikakunjamana, kifundo cha mguu kikakakamaa. Hunyweshwa uji akiwa chali, naye koo lake halimezi sawasawa, uji ukaingia mapafuni. Mengi ya hayo hayakulazimishwa na kiharusi chenyewe, na huweza kuzuiwa au kupunguzwa na mtu aliyefundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kumketisha wima anapokula, na kumshika kiunoni badala ya mkononi.

Lakini pupa nayo haifai. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 2,104 katika nchi tano, wale walioondolewa kitandani mapema sana, ndani ya saa 24 za kwanza, na kufanyizwa mazoezi mengi, walipata nafuu ndogo kuliko wenzao walioanza pole pole. Kujua wakati wa kuanza, kiasi gani na wapi pa kukoma ni elimu, na elimu hii haiokotwi njiani.

Nalitaja hilo kwa kuwa naona fikra moja inaenea, kwamba mradi jamaa wapo, basi wao ndio watakaofanya kazi yote. Huko India wagonjwa 1,250 wa hospitali 14 walifuatiliwa, nusu yao jamaa zao wakifundishwa namna ya kuwafanyisha mazoezi nyumbani, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita idadi ya waliokufa au kubaki tegemezi haikupungua kuliko ya wale waliopewa huduma ya kawaida. Binti aliyeshinda shambani na kisimani hawezi kutwikwa pia kazi ya mtaalamu. Yeye ni msaidizi wa thamani kubwa pale mtaalamu anapokuja, kumsahihisha na kuongeza zoezi. Akiachwa peke yake, huchoka, na mzee hurudi kitandani.

Wala tusidhani kwamba maradhi haya ni ya nchi za watu wengine. Uchunguzi uliofanyika wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kwamba kila mwaka, baada ya kusawazishwa kwa umri, watu wapatao 109 kati ya kila 100,000 walipatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza huko Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Huku kwetu Usukumani kupooza kwa ghafla kuna msiba wa ziada: hudhaniwa kuwa mtu ametupiwa kitu, mganga akaitwa, siku zikapotea, na nchi hii inajua vema ni vikongwe wangapi wasio na hatia wameangamizwa kwa tuhuma za namna hiyo. Mzee anayeonekana na majirani akiinuka hatua kwa hatua kwa mazoezi yanayoeleweka huifuta tuhuma hiyo kuliko hotuba yoyote ya mkutano wa hadhara.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikwisha kutambua haki ya wazee kupata matibabu, na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Basi mazoezi tiba yahesabiwe humo kuwa matibabu kamili. Chuo cha KCMC, Moshi, kimewafundisha wataalamu wa fani hii kwa miongo mingi. Na jirani kabisa na Malampaka, kwenye reli hiyo hiyo, kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, ambacho kingeweza kuombwa kuwasaidia wahudumu wa afya wa jamii katika elimu ya mwili na mwendo wake, chini ya uongozi wa mtaalamu.

Gharama yake si ya kutisha. Mtaalamu wa wilaya apewe pikipiki na mafuta, awe na siku yake maalumu ya kila juma katika kituo cha afya cha Malampaka, na hospitali zimpelekee jina la kila mgonjwa wa kiharusi siku ile ile anaporuhusiwa, ili amfikie nyumbani ndani ya juma la kwanza, kwani sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi mitatu ya mwanzo. Nawaomba madiwani wa Maswa, bajeti ijayo itakapowekwa mbele yao, waulize fungu la kazi hiyo limeandikwa ukurasa gani, na kama halimo, wasiipitishe kabla halijaandikwa.