Mjomba, ukiondoka taa itarudi?

Leo naomba kwanza niungame, halafu nitoe ushauri ambao hamjaniomba.

Mwanzoni mwa Septemba mwaka jana nilipanda basi Dar alfajiri, nikafika Songea usiku miguu imevimba. Kesho yake nikachukua bodaboda, tukaiacha lami, nikaenda kumsalimia mama yangu mkubwa kijijini. Nilipanga kukaa siku tano. Mkononi nilikuwa na simu mbili, pawabanki moja na ile furaha ya kijana wa mjini anayekwenda "kupumzisha akili".

Nguzo za umeme hazijafika kwa mama mkubwa. Juu ya bati kuna paneli ya sola isiyozidi ukubwa wa sinia la pilau. Inajaza betri inayowasha taa mbili, na ina tundu la kuchajia simu. Mimi nikachomeka simu ya kwanza, kisha ya pili, kisha pawabanki. Ikifika saa mbili usiku taa zinazimika. Nikajisemea, aah, sola za kichina hizi.

Siku ya tatu mjukuu mdogo wa mama mkubwa akaniuliza, "Mjomba, ukiondoka taa itarudi?"

Ndipo nikaelewa. Dada yake alikuwa darasa la saba, mtihani wa taifa wiki inayofuata. Kila usiku alihamia jikoni na daftari lake, akasomea kibatari kando ya mafiga, huku mimi nikipiga picha za nyota. Nilipomuuliza mama mkubwa kwa nini hakuniambia, akajibu kwa upole kabisa, "Sasa mgeni utamwambiaje?"

Jamani, niliona haya.

Ulaya na Marekani siku hizi watu wanalipa hela nzuri kwenda kulala kwenye nyumba za porini zisizo na umeme wa gridi. Mwenye nyumba anawaachia karatasi mezani: oga dakika chache, hiki usitupe chooni, sola ikiisha usiku ndiyo basi. Kwa mama mkubwa karatasi hiyo haipo na haitakuwepo, kwa sababu kwetu kumpangia mgeni masharti ni aibu. Kwa hiyo ngoja niiandike mimi niliyekosea.

Kwanza, umeme. Uliza kabla ya kuchomeka kitu. Sola ndogo inakusanya mchana kiasi kidogo tu, na kiasi hicho kina wenyewe. Njoo na pawabanki iliyojaa tayari, zima simu ya pili, au kachaji kwa kulipia dukani senta.

Pili, maji. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na kilo hizo zinakaa juu ya kichwa cha mtu. Mimi nilikuwa naoga asubuhi na jioni, kila mara ndoo nzima. Yaani binti yule yule wa darasa la saba alikwenda kisimani safari mbili za ziada kila siku kwa ajili ya jasho langu. Nusu ndoo inatosha kabisa, na nyingine kaichote mwenyewe. Watakucheka ukirudi umelowa mpaka viatu, lakini watakupenda.

Tatu, maji ya kunywa. Kuyachemsha ni kuni, na kuni nazo zinatafutwa na mtu. Dawa ya kutibu maji ni bei ndogo dukani, nunua mjini. Na kama unakunywa ya chupa, chupa rudi nazo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini chupa bado zipo, na kijijini hakuna gari la taka. Choo cha shimo nacho si pipa. Kikijaa plastiki, watakaochimba kingine si wewe.

Nne, kitanda. Utapewa kizuri kuliko vyote, chenye chandarua. Jiulize aliyekuwa analala hapo jana leo yuko wapi, na kama kuna chandarua juu yake. Beba cha kwako. Ukienda Juni au Julai beba na blanketi, baridi ya kule haina mzaha.

Tano, chakula. Usiende mikono mitupu. Sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kula na kiberiti vinatosha sana. Na wakitaka kukuchinjia kuku, jaribu kuwahi kusema kwamba maharage na ugali umevikosa siku nyingi. Mimi sikuwahi. Kuku niliyemla alikuwa anataga.

Najua mtasema, "Acha hizo, kumhudumia mgeni ni mila yetu." Ni kweli, na sitaki ife. Lakini mila hiyo hiyo ina upande wa pili: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii kwenye andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962. Miaka hiyo hiyo ya 1960, huku huku Songea, kijiji cha Litowa cha Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilimpokea Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, na familia yake. Wakaishi kijijini humo humo kati ya wanakijiji. Chama kile kilivunjwa mwaka 1969, hiyo ni habari ndefu ya siku nyingine. Ninachosema ni kwamba kama mtu aliyetoka Uingereza aliweza, sisi wajukuu wa pale pale tunashindwa nini?

Wengine mtasema, "Wamezoea." Hili ndilo linaloniudhi zaidi, maana nililiamini. Sisi wenyewe wa Songea mjini tuliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo tulitegemea zaidi mitambo ya dizeli, na mgawo ulipokuja tulilalamika mpaka sauti zikakauka. Hatukuzoea. Kwa nini tudhani mtoto wa kijijini amezoea kusomea moshi?

Mjini tumezoea kwamba umeme unatoka ukutani na maji yanatoka bombani. Kwa mama mkubwa kila kitu kinatoka kwenye mkono wa mtu, na mara nyingi ni mkono wa msichana. Ushauri wangu wote unaishia kwenye swali hilo moja: kabla hujatumia kitu, jua ni mkono wa nani.

Siku mbili zilizobaki nilizima simu zote. Niliporudi Dar nikanunua taa nzuri ya kuchaji, nikaituma kwa basi. Ilifika Oktoba. Mtihani haukusubiri.

Haya, nawe uliyekwenda likizo kijijini: ulipoondoka, taa ilirudi?