Daktari aliyekitilia shaka kisu chake

Wanafunzi wetu wakiombwa wawataje wanasayansi waliobadilisha tiba duniani, aghalabu hutaja Pasteur, Fleming na labda Christiaan Barnard wa Afrika Kusini. Jina la Bernard Fisher ni nadra kusikika madarasani. Naliona hilo kuwa pengo, na sababu yangu si umaarufu wake bali ni namna alivyofanya kazi yake.

Fisher, daktari wa upasuaji, alizaliwa mwaka wa 1918 mjini Pittsburgh, Marekani, akafariki mwaka wa 2019 akiwa na umri wa miaka 101. Alipoingia kazini, mwanamke aliyepatikana na saratani ya titi alikuwa na njia moja tu, ile iliyoenezwa na William Halsted wa Baltimore mwishoni mwa karne ya 19. Titi lilikatwa lote, pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani. Halsted aliamini kwamba saratani husafiri kwa utaratibu, kama maji mferejini, kutoka titini hadi kwapani kisha kwingineko. Basi mwenye kukata mapana zaidi ndiye angeiwahi. Imani hiyo ilifundishwa kwa zaidi ya miaka 70. Wanawake waliachwa na vifua vilivyobonyea na mikono iliyovimba, na wengi wakafariki vilevile.

Shaka ya Fisher ilipata nguvu kwenye ini. Mwaka wa 1959, yeye na nduguye Edwin walitangaza matokeo ya jaribio lao juu ya panya. Waliwadunga seli 50 tu za saratani katika mshipa upelekao damu kwenye ini. Panya walioachwa watulie hawakuota uvimbe. Waliopasuliwa tena na tena, ini zao zikashikwashikwa, walichipuza uvimbe. Kumbe seli zile zilikuwa hai muda wote, zimelala! Na ikiwa saratani yaweza kufika mbali mapema na kujilaza huko, kukata kifua kizima kutaifukuza vipi?

Hapa ndipo ninapotaka walimu watue kidogo. Fisher hakutosheka na hoja. Mwaka wa 1971 kundi la watafiti aliloliongoza lilianza kuwagawanya wanawake 1,665 kwa kura, wengine wakafanyiwa upasuaji wa Halsted na wengine upasuaji mdogo kuliko huo. Baada ya miaka 25, makundi hayo hayakutofautiana kwa idadi ya waliosalia hai. Mwaka wa 1976 likafuata jaribio lililowahusu wanawake 1,851, ambapo baadhi yao walitolewa uvimbe pekee. Baada ya miaka 20, waliobaki na titi na waliokatwa titi lote walikuwa wameishi sawasawa.

Wapasuaji wengi walimpinga vikali. Wengine walichukizwa na wazo la mgonjwa kupigiwa kura, na pingamizi hilo si la kipumbavu, kwani mtu si panya. Hata hivyo, nauliza: ni nini walichokuwa wakifanya wale waliokata kwa miaka 70 bila kulinganisha, kama si kucheza kamari pasipo kuhesabu?

Simfanyi malaika. Daktari mmoja wa Montreal aliyeshiriki majaribio hayo alighushi kumbukumbu za baadhi ya wagonjwa. Serikali ya Marekani iliarifiwa mwaka wa 1991, ilhali wanawake waliopewa tiba hiyo waliipata habari gazetini mwaka wa 1994. Ukimya huo ulikuwa kosa, na Fisher aliondolewa uongozini. Hesabu ziliporudiwa bila takwimu za Montreal, jawabu halikubadilika, na mwaka wa 1997 Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilimwomba radhi.

Lipo jambo moja katika takwimu zake ambalo ningependa lifike katika kila darasa la sekondari nchini. Kati ya wanawake waliotolewa uvimbe pekee bila kupigwa mionzi, takriban 39 kwa kila 100 waliota uvimbe tena katika titi lile lile ndani ya miaka 20. Kwa waliopigwa mionzi, idadi hiyo ilikuwa 14. Mwalimu na aziandike namba hizo mbili ubaoni. Kisha awakumbushe wanafunzi kwamba kwa miaka mingi Mkenya aliyetegemea hospitali ya umma alilazimika kwenda Nairobi kupigwa mionzi, matibabu ambayo huchukua majuma kadhaa. Awaachie swali: mwanamke wa Lodwar asiyekuwa na nauli wala jamaa wa kumlaza Nairobi angechagua upasuaji gani, na je, huko kungekuwa kuchagua?