Kware Nako Kunahitaji Bustani

Kamusi husema kware ni ndege. Kware ninakoishi, huku Embakasi, hakuna ndege huyo; jina limetokana na neno la Kiingereza la machimbo ya mawe. Mawe yalikwenda kujenga kwingine, sisi tukaachiwa shimo na maghorofa yaliyosongamana hata watoto huchezea kwenye ngazi.

Tukiambiwa twende Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969, nauli ya mama na watoto wanne ataitoa nani? Hata bustani hiyo ilinusurika kwa kuwa marehemu Wangari Maathai alipinga, mwaka 1989, jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa humo.

Wapo wadaio kwamba shimo halifai kitu. Mbona machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa, yalipandwa mivinje kuanzia mwaka 1971, na leo ni Haller Park? Letu liliachwa likawa jaa, na Julai 2024 ikaopolewa humo miili iliyotiwa magunia, mingi ya wanawake.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi ipande miti pale kabla hajatokea wa kupandisha ghorofa jingine. Ikiwa ardhi ina mwenyewe, na alipwe.