Mali Bila Daftari: Picha Zetu Hazina Majina

Wahenga walilonga kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Pengine waliwakusudia wafanyabiashara, lakini juma lililopita kauli hiyo ilinichoma mimi, nilipofungua diski ya chama chetu kutafuta picha ya kupamba toleo hili. Mlikuwamo picha elfu moja na ushei. Mojawapo inamwonyesha mzee wa Lamu akighani utenzi barazani, mkono mmoja ameuinua, nao wanachama wetu wamemzunguka kimya. Mzee huyo ni nani? Alighani utenzi gani? Faili hujibu kwa herufi na tarakimu za kamera tu. Waliofanya ziara ile wamekwisha kuhitimu. Niliowapigia simu wanaikumbuka ladha ya samaki, jina la mzee limewatoka.

Ndugu msomaji, tazama alivyofanya Mfaransa mmoja mtunzi wa programu, Pierrick Le Gall. Mwaka 2001 alianza kuandika, kama shughuli yake binafsi, programu ya kuweka na kupanga picha katika tovuti. Mwaka 2002 aliitoa kwa jina la PhpWebGallery, akaigawa bure pamoja na msimbo wake; tangu 2009 inaitwa Piwigo. Haiishii kuonyesha picha. Picha hupangwa katika albamu, na albamu ndani ya albamu nyingine. Kila moja huweza kupewa anwani, jina la mpigaji, maelezo, na lebo kadiri mtu apendavyo. Picha ya mzee wetu ingepatikana chini ya "Lamu", chini ya "utenzi" na chini ya jina lake, bila kunakiliwa mara tatu.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kamera ya dijitali huandika yenyewe ndani ya faili tarehe na saa ya picha, mradi saa yake iwe imerekebishwa. (Yetu yadai kuwa mzee alighani usiku wa manane, na jua linawaka!) Elimu yake inakomea hapo. Yaliyosalia ni kazi ya maneno, nayo kazi ya maneno ndiyo iliyotuleta chuoni. Je, pale alipoketi ni baraza au ni ukumbi? Kofia ile ni ya viua au vinginevyo? Anayechagua neno la kuandika chini ya picha amekwisha kuingia katika leksikografia, japo hana habari. Tumebishana miaka na mikaka juu ya tarakilishi na kompyuta, ilhali ndani ya chombo chenyewe, kiitwe kiitwavyo, hatujaandika hata sentensi moja ya Kiswahili chini ya picha zetu.

Wapo watakaosema kwamba picha tunazo katika WhatsApp. Picha ikitumwa humo kwa njia ya kawaida hubanwa, na taarifa zile za kamera huondolewa, hivyo hata tarehe hupotea. Wengine watataja maghala ya bure ya mtandaoni. Flickr ilianza mwaka 2004, ikanunuliwa na Yahoo mwaka 2005, kisha na SmugMug mwaka 2018. Mwaka huohuo wasiolipa wakatangaziwa kikomo cha picha 1,000. Sisi tungekuwa tumekwisha kukivuka.

Sikatai kwamba tovuti yetu wenyewe ingekuwa na gharama. Seva hulipiwa, na mwenye nywila akihitimu nayo tutarudi palepale. Heri ikae kwa mlezi wa chama. Tena kuna suala la ridhaa, nalo ni zito zaidi ya fedha: hakuna anayekumbuka kama mzee aliulizwa iwapo sura yake ionekane na walimwengu.

Namwomba katibu atutengee Jumamosi moja kabla ya mitihani. Diski nitaileta mimi. Naye amjuaye mzee mwenye kofia nyeupe, aliyeketi kushoto kwa mlango uliochongwa, na anitafute kabla ya siku hiyo.