Fedha ya Umma Isiishie Njiani

Nchi inayotoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe huwa na mahitaji mengi na hazina tupu. Kwa hiyo shilingi inayopotea njiani si hasara ya hesabu tu. Humfanya mwananchi aulize amani imemletea nini.

Tuitazame Uganda. Serikali iliyoshika madaraka Januari 1986, baada ya miaka mingi ya mapigano, ilirithi uchumi uliobomoka. Mwaka 1992, bei zilipokuwa zinapanda kwa kasi, Wizara ya Fedha iliweka sharti kali: Serikali isitumie fedha ambayo haijaingia mkononi. Mfumuko wa bei ukashuka, na sifa zikamiminika.

Hata hivyo, mwaka 1996 watafiti walizitembelea shule za msingi 250 za serikali, wakalinganisha ruzuku iliyotolewa na Hazina kwa kila mwanafunzi na ile iliyopokewa shuleni. Walikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 ni wastani wa asilimia 13 tu ya fedha hiyo iliyofika. Shule nyingi hazikupata hata senti moja. Sehemu kubwa ilikwama wilayani, na waliopunjwa zaidi walikuwa watoto wa maskini. Hazina ilibana matumizi juu, huku fedha ikivuja chini.

Ilikuwaje? Mwalimu mkuu hakujua shule yake imetengewa kiasi gani, na mtu hawezi kudai haki asiyoijua. Ndipo Serikali ilipoanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na kuziagiza shule zibandike hadharani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 kiasi cha asilimia 80 ya ruzuku kilikuwa kinafika. Haidaiwi kwamba matangazo peke yake yalifanya kazi yote. Lakini bila ya mwananchi kujua, mkaguzi angebaki peke yake.

Wako watakaosema kwamba kuanika hesabu katika nchi yenye majeraha ni kuchochea ugomvi. Hoja hiyo haina msingi. Kinachochochea ugomvi ni siri. Pale ambapo jirani amekwisha kumshikia jirani silaha, tetesi kwamba fulani wanakula peke yao huwaka upesi kama moto wa nyikani. Hesabu iliyo wazi huizima tetesi, na kama kuna mwizi, humtaja yeye badala ya kabila lake.

Basi wajibu uko wazi. Mtumishi wa wilaya asingoje kuulizwa; atangaze alichopokea na alichokitoa. Mwalimu naye asione haya kuuliza, maana haombi hisani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba daftari lililofungiwa kabatini halilindi mali ya mtu yeyote.